Tashtiti
Tashtiti ni kejeli ya kisanaa: humchekesha msomaji huku ikimchoma mwenye cheo, bila kumtukana. Katika The Queen and I (1992), Sue Townsend anaitoa familia ya kifalme ya Uingereza kasrini baada ya uchaguzi kuleta jamhuri, na kuihamishia mtaa wa makabwela. Malkia anahangaika kubana matumizi. Mumewe amejilaza kitandani, hataki kuamka. Umaskini na serikali navyo havisalimiki, na ajabu ni kwamba malkia ndiye anayetoka na heshima kuliko wote. Alan Bennett ni mpole zaidi. Katika The Uncommon Reader (2007), malkia anawafuata mbwa wake, anakuta gari la maktaba karibu na jiko la kasri, ananogewa na vitabu hadi hafla rasmi zinamchosha.