Dansi ya Hisani Ilivyopanda Kilimanjaro

Tarehe 7 Machi 2009 watu tisa mashuhuri wa Uingereza walifika kilele cha Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Kiongozi wao alikuwa Gary Barlow wa kundi la Take That. Alikuwamo mwimbaji Ronan Keating, walikuwamo Cheryl Cole na Kimberley Walsh wa kundi la Girls Aloud, na Alesha Dixon, mwimbaji aliyetwaa ubingwa wa Strictly Come Dancing, shindano la dansi la televisheni ya BBC, mwaka 2007. Watazamaji wa kwao walichanga zaidi ya pauni milioni 3 kwa ajili ya vita dhidi ya malaria barani Afrika, vyandarua vikipewa kipaumbele.

Watu wa jukwaani walifikaje kwenye barafu? Njia hiyo ilianza mbali. Tarehe 1 Agosti 1971 wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walijaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Kisha ikaja njaa ya Ethiopia, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid likapigwa siku moja London na Philadelphia. Aliyewainua maelfu pale uwanja wa Wembley, London, mikono yao ikipiga makofi kwa pamoja, ni mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Naona fahari kulitaja hilo, kwa kuwa tumezoea kusimulia habari za misaada kana kwamba upande wetu ulikuwa wa kupokea tu.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1985, siku ya Krismasi, kampeni ya hisani ya Comic Relief ilizinduliwa hewani BBC kutoka kambi ya wakimbizi nchini Sudan. Waanzilishi wake, Richard Curtis na Lenny Henry, waliamini kwamba mtu aliyechekeshwa na kuburudishwa hutoa kwa moyo. Kuanzia 1988 wakawa na Siku ya Pua Nyekundu: shule, ofisi na baa zikawa na dansi, maigizo na kila aina ya vituko vya kuchangisha. Kupanda Kilimanjaro kulikuwa mwendelezo wa sherehe hiyo.

Kuelekezwa kwa fedha hizo kwenye malaria kulikuwa na maana ya pekee hapa Moshi. Wachagga, wenyeji wa mlima huo, walijenga vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, juu, penye baridi, migomba na mifereji, na sababu mojawapo ilikuwa homa ya tambarare. Shamba la mahindi au ulezi lilikuwa chini. Nyumba ilikuwa juu. Ardhi ya mlimani ilipopungua watu wakashuka. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987, ulileta mpunga Mabogini na Chekereni, na maji yaliyotuama yakaleta mbu tele. Hata hivyo watafiti walikuta jambo la kushangaza: vijiji vya mpunga, pamoja na mbu wake wote, vilikuwa na malaria kidogo kuliko kijiji cha jirani kisicho na umwagiliaji. Maelezo yao yalikuwa kwamba mkulima wa mpunga alikuwa na fedha, na mwenye fedha hununua chandarua na kuwahi dawa. Sijaona hoja nyingine inayotetea mchango wa vyandarua kwa nguvu kiasi hiki.

Na chandarua chenyewe hakikuwa lazima kitoke ng'ambo. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani, dawa ikichanganywa ndani ya uzi ili idumu miaka. Mwaka uliofuata Serikali ilianza Hati Punguzo, vocha aliyopewa mama mjamzito kliniki ili anunue chandarua kwa bei nafuu.

Mlimani kwenyewe dansi ilikuwapo kabla ya kamera. Mgeni anayeshuka salama hupokewa kwa makofi, nyimbo na viuno vya wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Wimbo wanaoupenda zaidi ni “Jambo Bwana” wa Them Mushrooms wa Mombasa, uliotolewa 1982, ambao wameugeuza maneno ili usifu Kilimanjaro. Mgeni huvutwa katikati acheze, kisha hutoa bahshishi. Ni kutunza kulekule kunakojulikana katika ngoma zetu, na kwa mgumu fedha hiyo ni sehemu kubwa ya kipato cha safari.

Wanaocheza hapo wametoka kubeba mahema, gesi, chakula na mizigo ya wengine, na wapo waliopanda na viatu vilivyochanika na koti jepesi. Mzigo wao umewekewa kikomo cha kilo 20, na kikomo hicho kina maana pale tu mizani inaposomwa na kuheshimiwa. Tangu 2003 mradi wa KPAP wa kuwasaidia wapagazi, wenye makao Moshi, unawaazima nguo za baridi bila malipo na kufuatilia kampuni zinavyowalipa na kuwalisha. Kila safari ya hisani inayopita lango la Machame au Marangu ingepaswa kuhesabu posho ya mgumu kabla ya kutangaza jumla ya mchango wake.

Mwaka 2019 Comic Relief ilirudi Kilimanjaro na kundi jipya. Safari hii alikuwamo Shirley Ballas, bingwa wa dansi za Kilatini na jaji mkuu wa Strictly Come Dancing, pamoja na mwanasiasa Ed Balls, aliyewahi kushindana katika kipindi hichohicho. Nao walihitaji wagumu wa kuwabebea mahema.