Nyufa katika programu: ni nini, na kwa nini zinayahusu makanisa yetu

Simu na kompyuta zimeingia katika kazi nyingi za makanisa yetu. Katibu wa parokia anaandika humo majina ya wabatizwa na hesabu za sadaka. Idara ya wanawake inahifadhi majina ya wale waliokuja kutafuta faraja baada ya kuumizwa. Mashemasi wanatumiana orodha za ndugu waliokimbia vita. Kwa hiyo tunapenda kueleza jambo linalotajwa mara nyingi katika habari: nyufa za usalama katika programu.

Ufa ni nini?

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na wanadamu, pengine mamilioni ya mistari, na wanadamu hukosea. Kosa likimruhusu mtu asiye na haki kuingia, kusoma au kuharibu, hilo ni ufa wa usalama. Tangu mwaka 1999 kuna orodha ya kimataifa iitwayo CVE, ambayo inaupa kila ufa unaotangazwa namba yake. Mwaka 2024 peke yake ziliongezwa nyufa zaidi ya 40,000.

Anayegundua ufa kwa nia njema humjulisha kwanza mtengenezaji kwa siri, ili apate muda wa kuuziba. Wengi hutoa siku 90. Kisha habari hutangazwa. Tangazo hilo kwa mwenye nyumba ni onyo, lakini kwa mwizi ni ramani. Toka siku hiyo, aliye hatarini zaidi ni yule ambaye bado hajaweka marekebisho.

Mfano wa mwaka 2017

Tarehe 14 Machi 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya ufa mkubwa katika Windows. Mwezi uliofuata, kifaa cha kuutumia ufa huo kilimwagwa hadharani kwenye intaneti. Tarehe 12 Mei, programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilianza kuenea, ikifunga mafaili na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali nyingi zilivurugika, na maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi yao. Dawa ilikuwepo kwa karibu miezi miwili, lakini mashine nyingi hazikuwa zimeipokea.

Mfano unaowagusa watumishi wa Mungu

Mwezi Mei 2019, WhatsApp ilitangaza kwamba ufa katika njia yake ya kupigiana simu ulitumiwa kuingiza programu ya upelelezi katika simu za watu. Hata asiyeitika simu aliweza kupatwa. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba huko Togo askofu mmoja na padri mmoja wa Kanisa Katoliki walikuwa miongoni mwao. Basi tusidhani kwamba kola ya mchungaji inamlinda mtu na mambo haya.

Hatari kwetu

Katika eneo letu, jina la mtu likiambatana na kijiji alikotoka na mahali anapolala sasa, linaweza kumletea mauti. Mama aliyetuambia siri yake alimwamini Mungu na kanisa lake; hakujua kwamba siri hiyo itakaa katika kompyuta yenye Windows ya zamani. Tukumbuke pia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi bado zinaitumia.

Yatupasayo kufanya

Tunajua mega ni ghali na umeme hukatika. Kwa hiyo tuanze na yaliyo ya lazima.

1. Simu ikionyesha maneno «mise à jour», tusiyafute. WhatsApp na programu ya kufungulia intaneti zitangulie, kwa sababu hazitumii mega nyingi kama simu nzima. Parokia yenye intaneti iwape watumishi wake siku moja kwa mwezi ya kufanya kazi hiyo.

2. Tusipokee programu kwa Bluetooth wala kutumia WhatsApp za kuigwa. Hizo hazipati marekebisho ya mtengenezaji mwenyewe.

3. Nakala ya rejista iwekwe kwenye diski ya pembeni, ichomolewe, ifungiwe kabatini. Diski iliyochomekwa wakati wa shambulio inaweza kufungwa pamoja na kompyuta.

4. Kompyuta isiyopata tena marekebisho isiunganishwe na intaneti, na flashi za watu wote zisichomekwe humo.

5. Majina ya waliokimbia na ya walioumizwa yasipitishwe katika vikundi. Tuandike machache, na yasiyohitajika tena tuyafute.

Kitabu cha Nehemia kinaeleza kwamba katika kuujenga ukuta wa Yerusalemu, wengi walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Kazi hii nayo iko hivyo. Fundi aliye mbali ameshatengeneza dawa ya ufa, lakini simu iliyo mkononi mwa shemasi itazibwa na shemasi mwenyewe. Juma hili, kila mwenye kushika orodha ya kondoo wa Bwana aangalie kwanza upande wake.