Asili ya Taratibu za Mkutano: Habari za Spika, Hoja na Kura

Neno kura limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza si uchaguzi wa watu, bali ni kijiti au kokoto litupwalo ili bahati ikate shauri ambalo wanadamu wameshindwa kulikata. Ndiyo maana yake katika Biblia ya Kiswahili, askari wanapoipigia kura kanzu. Leo mtu asemaye “tumepiga kura” haitaki bahati hata kidogo. Ataka nia ya kila mmoja ihesabiwe. Neno limebaki lile lile, lakini jambo limegeuka, na mgeuko huo una historia ndefu. Yafaa tuieleze kidogo, maana wengi wetu huzitumia taratibu za mikutano kama mtu avaaye nguo asiyojua ilishonwa wapi.

Wazee wetu walikuwa na taratibu zao. Baraza ni kile kiti cha mawe au udongo mbele ya nyumba, mahali pa kukaa na wageni. Kisha jina likahamia kwa watu waketio hapo, na mwisho likawa jina la shauri lao. Huko bara watu waliketi chini ya mti. Hawakuhesabu mikono. Walizungumza hata wakapatana, na wasipopatana walikwenda kulala wakarudi kesho. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu Tabora na Pugu kabla ya kuwa kiongozi wa nchi, aliusifu sana utaratibu huo katika maandiko yake juu ya demokrasia ya Kiafrika. Nasi twausifu, walakini si kwa moyo wote. Kuzungumza mpaka kupatana hufaa kwa watu wanaojuana na wenye wakati wa kutosha. Tena mara nyingi wanawake na vijana hawakuwa na kauli barazani, na mtu aliyesimama peke yake hakuwa na kinga ila subira yake.

Utaratibu wa kuhesabu kura tulio nao sasa ulikomaa Uingereza, katika Baraza la Chini la Bunge lao. Makarani wa Baraza hilo walianza kuandika daftari la shughuli zake mwaka 1547, na humo ndimo kanuni zilimokusanyika, moja moja, kila palipotokea ugomvi. Hapana mtu aliyeketi akazitunga zote siku moja. Waliona kwamba mambo mawili yakisemwa pamoja hakuna linalokwisha. Wakaamua jambo moja kwa wakati mmoja. Waliona kwamba watu wakijibizana uso kwa uso hasira hupanda. Wakaamua kila msemaji amwelekee Spika, wala asimtaje mwenziwe kwa jina. Waliamua pia kwamba anayekubali na anayekataa wapewe nafasi kwa zamu, na kwamba swali liulizwe pande zote mbili, ya ndiyo na ya siyo, hata kama upande mmoja wajulikana kuwa mdogo. Kanuni hiyo ya mwisho yaonekana nyepesi, lakini tutairudia.

Spika mwenyewe hakuwa hakimu tangu mwanzo. Jina lake kwa Kiingereza maana yake ni msemaji, maana kazi yake ilikuwa kusema mbele ya mfalme kwa niaba ya wenziwe. Wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa Thomas Hungerford, mwaka 1377. Kwa muda mrefu Spika alikuwa nusu mtu wa Baraza, nusu mtu wa mfalme. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia Barazani, askari wake wakingoja mlangoni, akataka kuwakamata wajumbe watano. Akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall alipiga magoti, akajibu kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Baraza lilivyomwagiza. Mfalme akatoka mikono mitupu. Kwa maoni yetu, mtu atakaye kujua mwenyekiti ni nani na aitafakari habari hii: mwenyekiti hukikalia kiti, lakini sauti ni ya mkutano.

Lakini kanuni zimlindazo mnyonge zaweza pia kutumiwa kuuzuia mkutano usifanye kazi. Wajumbe wa Ireland, wakiongozwa na Charles Stewart Parnell, walijua kwamba hawatashinda kwa hesabu ya kura. Basi wakaitumia haki yao ya kusema. Mwaka 1881 serikali ilileta mswada wa kuwatia watu wa Ireland kifungoni bila hukumu. Kikao kilianza tarehe 31 Januari, kikaendelea usiku na mchana kwa muda wa saa 41, hata tarehe 2 Februari asubuhi Spika Henry Brand akayakata maneno kwa amri yake mwenyewe na kulitoa swali lipigiwe kura. Hapakuwa na kanuni iliyompa ruhusa hiyo. Kanuni ya kufunga mjadala iliwekwa baadaye. Wako wanaosema aliliokoa Bunge, na wako wanaosema aliwaziba vinywa watu waliokuwa wakiteteana na kifungo. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina haki, na kwamba tangu siku ile hakuna kanuni iliyoweza kuumaliza ugomvi huo. Walio wengi wana haki ya kuamua. Walio wachache wana haki ya kusikiwa kwanza. Kwanza hiyo iwe ya muda gani?

Huko Marekani, Thomas Jefferson, alipokuwa Makamu wa Rais na kuliongoza Baraza la Seneti, alikusanya kanuni hizi katika kitabu kilichotolewa mwaka 1801. Lakini kitabu hicho kilikuwa cha watunga sheria. Aliyezileta kwa watu wa kawaida alikuwa askari mhandisi, Henry Martyn Robert. Mwaka 1863, mjini New Bedford, aliombwa ghafula auongoze mkutano kanisani. Hakujua afanyeje, mkutano ukamshinda, akaona haya. Akajiwekea nadhiri kwamba hatahudhuria tena mkutano pasipo kujifunza kuuendesha. Mwaka 1876 alichapisha nakala 4,000 za kitabu chake kidogo cha kanuni, kwa fedha zake mwenyewe, akidhani zitatosha miaka miwili; zilikwisha kabla ya miezi minne. Yatufurahisha kwamba kitabu maarufu hivyo kilizaliwa na aibu ya mtu mmoja.

Kwetu sisi taratibu hizi zilikuja na serikali ya kikoloni. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza mwaka 1907, na la Tanganyika mwaka 1926. Mwafrika wa kwanza hakuingia la Kenya mpaka 1944, wala la Tanganyika mpaka 1945. Kwa hiyo haki ya kusema kwa zamu ilifundishwa miaka mingi mbele ya watu wasiokuwa na zamu. Baada ya uhuru Kiswahili kiliingia Bungeni, Kenya ikakiruhusu mwaka 1974, na lugha ikajipatia maneno yake: mtu hutoa hoja, mwingine husema “naafiki”, anayeona kanuni imevunjwa husimama “kuhusu utaratibu”, na idadi iwezayo kuamua huitwa akidi.

Maneno tunayo, basi. Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria mkutano wa chama kimoja cha akiba, nao ulikuwa wa kuongeza ada. Mwenyekiti aliuliza, “Sote tumekubali?” Watu wakapiga makofi, na karani akaandika kwamba hoja imepita bila kupingwa. Tulipotoka nje tulimkuta mama mmoja mzee, muuza mboga, amesimama chini ya mwembe, kadi yake ya chama mkononi. Tulimwuliza kwa nini hakusema kwamba ada hiyo haiwezi. Akatujibu, “Mwanangu, wameulizwa waliokubali. Mimi sikuulizwa.”