Jiwe Dogo Katika Bunduki

Katika karne ya 18 jeshi la Uingereza lilikuwa na mizinga, farasi na bunduki kwa maelfu. Hata hivyo, bunduki ya kila askari wa miguu ilitegemea kipande cha jiwe kisichozidi upana wa vidole viwili. Jiwe hilo ni gumegume, nalo ndilo lililoipa bunduki ile jina lake kwa Kiswahili.

Mtambo wa bunduki ya gumegume ulibuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, ukatumika kwa zaidi ya miaka 200. Askari alipovuta kifyatuo, nyundo yenye taya mbili iliruka mbele, na jiwe lililobanwa katika taya hizo likagonga bamba la chuma cha pua. Wengi hudhani ya kuwa jiwe ndilo lililowaka. Sivyo. Makali ya jiwe yaliparua chembe ndogo za chuma, nazo zikawaka kwa joto la msuguano na kuanguka katika kisahani chenye baruti kidogo, kiitwacho kifa. Moto ukapenya tunduni, ukaifikia baruti iliyoshindiliwa ndani ya kasiba, na bunduki ikalia.

Basi kulifunga jiwe hilo kulihitaji uangalifu. Kwanza, askari alilizungushia kipande cha ngozi au risasi iliyofuliwa ikawa bamba jembamba, kwa maana jiwe likibanwa na chuma kitupu huteleza au huvunjika. Pili, aliyaelekeza makali yake sawasawa na uso wa bamba, ili yaguse yote kwa pamoja. Likigonga pembe tu, cheche huwa chache. Tatu, alihakikisha ya kuwa nyundo ikiwa imevutwa nusu, jiwe halikuligusa bamba. Ndipo alipoikaza parafujo ya taya. Wala kazi haikuisha hapo, kwani kila mshindo uliweza kuilegeza parafujo na kuyafanya makali kuwa butu. Aliyepuuza hayo alivuta kifyatuo mbele ya adui, na bunduki ikakataa kulia. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Nguvu ya jiwe hili ilidhihirika hata pale lilipokosekana. Usiku wa tarehe 20 Septemba 1777, Wamarekani wakipigania uhuru wao, Jenerali Charles Grey wa Uingereza aliwaongoza askari wake kwenda kuishambulia kambi ya Jenerali Anthony Wayne karibu na Paoli, huko Pennsylvania. Alichelea bunduki moja isije ikalia njiani na kuwaamsha adui. Kwa hiyo aliamuru bunduki zitolewe baruti na risasi, na zile zisizoweza kutolewa zing'olewe mawe. Askari wake wakapigana gizani kwa singe, na Wamarekani zaidi ya 50 wakauawa. Tangu siku hiyo akapewa jina la Grey Asiye na Gumegume.

Mwaka 1807 mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Kutokana na uvumbuzi huo zikaja fataki, na majeshi yakaliacha jiwe. Lakini kwa zaidi ya karne mbili, uhai wa askari ulikuwa katika kukaza parafujo moja ndogo kabla ya mapambano.