Nyota Mpya Isiyo Mpya: Historia na Istilahi za Maisha ya Nyota

Mwenye kuunda istilahi hukabiliwa na swali moja kila mara: je, afasiri jina alilolikuta katika lugha ya kigeni, au alitazame jambo lenyewe na kulipa jina linalolistahili? Katika elimu ya nyota swali hili ni zito, kwa sababu majina mengi yalitolewa kabla wataalamu hawajajua jinsi nyota zinavyozaliwa na kufa.

Tuanze na nova. Mwezi wa Novemba 1572, Tycho Brahe wa Denmark aliona katika kundi la Cassiopeia nyota ambayo haikuwapo hapo awali, iking'aa hata ikaonekana mchana. Mwaka 1573 alichapisha kitabu juu yake, akaiita kwa Kilatini nova, yaani mpya. Leo twajua kwamba haikuwa nyota iliyozaliwa, bali nyota kongwe iliyolipuka. Kumbe kilichodhaniwa kuwa uzazi kilikuwa msiba.

Mwaka 1785, huko Uingereza, William Herschel aliyapa mawingu fulani ya mviringo jina la nebula za kisayari, kwa kuwa katika darubini yake yalifanana na Uranus, sayari aliyoigundua mwaka 1781. Mwaka 1864 William Huggins alichambua nuru ya mojawapo, akatambua kuwa ni gesi. Mawingu hayo si sayari wala hayazai sayari. Ni gesi iliyotupwa na nyota inayokaribia mwisho wake.

Maisha yenyewe ya nyota yalifahamika baadaye sana. Mwaka 1920 Arthur Eddington alieleza kwamba nyota yaweza kupata nguvu zake kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu; mwaka 1939 Hans Bethe akaonyesha njia zenyewe. Wingu la gesi na vumbi hujikusanya kwa uzito wake, kiini kikapata joto, nyota ikawaka. Haidrojeni ya kiini ikiisha, nyota hufura ikawa jitu jekundu. Nyota kama Jua hatimaye hutupa gesi yake ya nje na kubakiza kibete cheupe. Zile zenye uzito upatao mara nane ya Jua au zaidi, nyingi hulipuka. Jua letu limebakiwa na miaka kiasi cha bilioni 5 kabla ya kufura.

Sasa, mwanafunzi akifasiriwa nova kuwa "nyota mpya", na nebula ya kisayari kuwa "wingu la sayari", atajifunza makosa mawili ambayo wenye lugha hizo huyavumilia kwa mazoea. Sisi hatuna mazoea hayo, wala hatulazimiki kuyarithi. Kwa hiyo twapendekeza: jina linaposema kweli, kama jitu jekundu na kibete cheupe, lifasiriwe, linapopotosha, ama litoholewe, kama nova, ama liundwe jipya, kwa mfano "ganda la nyota" badala ya nebula ya kisayari.

Wahenga wetu waliziita nyota fulani Kilimia, kutokana na kulima. Jina hilo halikudai lolote juu ya umri wa nyota zile. Ndiyo maana elimu mpya haijalikanusha.