Maswali ya siri, hesabu ya inchi: namna Congo ilivyojifunza kuuliza juu ya ngono

Kwa miaka mingi, mambo ya ngono na magonjwa yake katika Congo yalihesabiwa kwa kumungoja mgonjwa hospitalini ao mlalamikaji polisi. Yule ambaye hakuja, hakuhesabiwa. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini kufika kwenye uchunguzi unaobisha hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza wazi.

Mwanzo wake ni wakati wa ukoloni. Kati ya 1955 na 1957, serkali ya Wabelgiji ilifanya uchunguzi mkubwa wa watu katika koloni nzima. Wamama hawakuulizwa juu ya ngono. Waliulizwa tu wamezaa watoto wangapi. Lakini jibu lilifunua siri nyingine. Katika sehemu za Équateur, Uele na Maniema, wamama wengi walikuwa wamezeeka bila mtoto hata mmoja. Anatole Romaniuk, mtaalamu aliyefanya kazi katika uchunguzi huo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa. Kumbe maisha ya kitandani yalikuwa yamebadili idadi ya wakaaji, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mwaka 1984 kazi ya Projet SIDA ilianza Kinshasa, ikiunganisha waganga wa Zaïre, Marekani na Ubelgiji. Ilifundisha dunia mengi juu ya namna virusi vinavyoambukizwa kati ya mwanaume na mwanamke, na kutoka mama hadi mtoto. Lakini ilikuwa kazi ya muji mukuu, na uporaji wa 1991 uliifunga. Mwaka huohuo wa 1984 ndipo watu wa inchi walihesabiwa kwa mara ya mwisho. Kisha vita vikaja.

Ni mwaka 2007 tu ndipo Congo ilipata uchunguzi wake wa kwanza wa EDS, uliofanywa na Wizara ya Mpango pamoja na Wizara ya Afya. Wamama 9,995 wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa, na wababa 4,757 wa miaka 15 hadi 59. Maswali hayakuzunguka: ulianza ngono na miaka mingapi, mwaka huu umelala na watu wangapi, mara ya mwisho mulitumia kondomu? Wengine waliombwa tone la damu kidoleni. Tone hilo lilikaushwa kwenye karatasi bila jina, na mtu alikuwa na haki ya kukataa.

Matokeo ya damu yaliwashangaza wengi. Makadirio ya zamani, yaliyotegemea hasa kliniki za wamama wajawazito, yalikuwa karibu asilimia 4. Uchunguzi wa nyumbani ulikuta asilimia 1.3.

Kwa upande wa jeuri ya ngono, hesabu ilienda juu. Hapa kulikuwa na sharia kali: katika kila nyumba iliyochaguliwa, mwanamke mmoja tu aulizwe, akiwa peke yake, bila mume, mama mkwe wala jirani kusikia. Kama mtu anaingia, maswali yanakatwa. Sababu inaeleweka: mama akisikiwa akijibu, anaweza kupigwa usiku uleule.

Mwaka 2011, watafiti watatu, Amber Peterman, Tia Palermo na Caryn Bredenkamp, walitumia majibu ya wamama 3,436 kati ya hao. Walikadiria kwamba wamama zaidi ya 400,000 walibakwa katika miezi 12 kabla ya kuulizwa. Ripoti zilizokuwa zikitegemea waliojitokeza zilisema karibu 15,000 kwa mwaka: tofauti ya mara 26. Kivu ya Kaskazini ilikuwa juu sana ukiilinganisha na Kinshasa. Ila kulikuwa na namba nyingine iliyozungumzwa kidogo: wamama zaidi ya milioni 3 walikuwa wamelazimishwa ngono na mume ao mwenzi wao. Dunia ilikuwa imezoea kumuangalia mwenye bunduki, na wamama walipoulizwa kwa siri walionyesha pia mlango wa chumba chao.

EDS ya pili, ya 2013-2014, ilihoji wamama 18,827 na kurudilia maswali hayo. Virusi vya SIDA vilikuwa asilimia 1.2. Asilimia 27 ya wamama walisema wamepata jeuri ya ngono katika maisha yao. EDS ya tatu ilifuata 2023-2024.

Namba hizi si kamili. Mwenye haya ao woga anaweza kusema hapana mahali pa ndiyo, na wakimbizi wa vita si rahisi kuwafikia nyumbani. Ndiyo maana wataalamu huzichukua kama kiwango cha chini. Pale ofisi ya polisi inapoonyesha daftari lenye kesi chache na kusema hali imetulia, historia hii inatoa swali la kuuliza: wamama wangapi waliulizwa nyumbani, wakiwa peke yao, na mulango umefungwa?