Kamusi Isiyoitwa Kamusi: Uhai wa Hifadhidata ya Forodha katika Mpaka wa Rusizi I

Utangulizi

Katika mpaka wa Rusizi I, mto utokao Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika huitenga Kamembe na Bukavu kwa urefu wa daraja moja tu. Upande wa Rwanda, kumbukumbu za forodha huandikwa katika mfumo uitwao ASYCUDA. Upande wa Kongo mfumo huohuo hujulikana kwa jina lake la Kifaransa, SYDONIA. Majina ni mawili, lakini bidhaa ni moja: programu ya kutunza data za forodha iliyobuniwa na Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Maendeleo (UNCTAD). Ni nadra kutajwa nje ya ofisi za forodha na za mawakala wake, ilhali imekwisha kuwekwa katika nchi na maeneo zaidi ya 100, na imedumu kwa miaka zaidi ya 40. Programu nyingi za hifadhidata zilizozaliwa nayo hazikuufikia umri huo.

Bidhaa ya namna hii inapodumu, sababu hutafutwa kwa kawaida katika ubora wa programu, kasi ya mashine au umahiri wa mafundi. Makala haya yanatetea hoja nyingine. Uhai wa hifadhidata umo katika majedwali yake ya misimbo, yaani katika kamusi yake, na katika kuwapo kwa mtu au taasisi yenye wajibu na fungu la kuitunza kamusi hiyo. Rusizi I ni mahali pafaapo kuipimia hoja hii, kwa kuwa katika muda wa kizazi kimoja karibu kila jina linalohusu mpaka huo limebadilika.

Safari ya bidhaa

Mwanzo wa ASYCUDA haukuwa kodi. Mapema katika miaka ya 1980, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika Magharibi (ECOWAS) iliiomba UNCTAD msaada wa kukusanya takwimu za biashara ya nje za nchi wanachama. Ilibainika upesi kwamba takwimu za kuaminika haziwezi kupatikana pasipo kuitengeneza kwanza kazi ya forodha yenyewe, kwani tamko la forodha ndilo chimbuko la takwimu hizo. Hivyo mradi wa wanatakwimu ukageuka kuwa mradi wa watoza ushuru. Mgeuko huo, kama itakavyoonekana, ndio ulioiokoa bidhaa.

Toleo la kwanza lilifuatiwa na la pili katikati ya miaka hiyo ya 1980, kisha ASYCUDA++ mnamo 1992, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja ASYCUDA World, linalotumia intaneti. Kutoka toleo hadi toleo, mashine, lugha za programu na namna ya kuhifadhi data vilibadilika mno, kiasi kwamba fundi wa toleo la pili asingeweza kulitambua la nne. Kilichobaki ni tamko lenyewe, pamoja na visanduku vyake vinavyojazwa kwa misimbo: nchi ilikotoka bidhaa, aina yake, uzito, sarafu na ofisi ya kuingilia.

Nchini Rwanda, taasisi za dola zilijengwa upya baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na Mamlaka ya Mapato ikaundwa mwaka 1997. Mwaka 2012 Mamlaka hiyo ilihamia ASYCUDA World sambamba na kuanzisha dirisha moja la kielektroniki la biashara. Uganda nayo ilihamia toleo hilo mwaka uleule. Majirani wengine walishika njia tofauti. Kenya, mwaka 2005, ilianza kutumia mfumo wa Simba uliotokana na mfumo wa GAINDE wa Senegali. Tanzania iliiacha ASYCUDA++ mwaka 2014 na kuanza kutumia TANCIS, uliojengwa kwa ushirikiano na Korea Kusini. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambamo tamko hutolewa katika nchi uendako mzigo hata kama mzigo wenyewe ungali bandarini. Kontena linaloshuka Dar es Salaam likielekea Kamembe likawa linapita katika mifumo isiyo na asili moja. Kilichoiwezesha mifumo hiyo kuelewana si undugu wa programu, maana haupo. Ni makubaliano kwamba msimbo fulani una maana ileile kwa wote.

Majina yanayohama

Hapo ndipo Rusizi I inapotoa somo lake. Mtafiti anayetaka kufuatilia biashara ya daraja hili kwa miongo mitatu hukutana kwanza na nchi iliyobadili jina. Mwaka 1997 Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na msimbo wake wa kimataifa wa herufi mbili ukageuka kutoka ZR na kuwa CD. Mwaka uliofuata, faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya sarafu ya zaire. Upande wa pili, mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliufuta mkoa wa Cyangugu, na eneo la mpaka likawa sehemu ya wilaya ya Rusizi. Hata jina Rusizi I lenyewe lina maana zaidi ya moja: huitwa hivyo pia mtambo wa umeme uliojengwa katika mto huo enzi za ukoloni. Kwa kompyuta, ZR na CD ni nchi mbili zisizohusiana. Kwamba ni nchi moja kwa majina mawili ni ujuzi ulio nje ya mashine. Ukikosa kuandikwa katika jedwali la ulinganisho, utakwenda na aliyekuwa akiujua.

Mabadiliko ya misimbo ya bidhaa ni makubwa zaidi. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika mwaka 1988 na una makundi zaidi ya 5,000 ya tarakimu sita. Umerekebishwa mwaka 1996, 2002, 2007, 2012, 2017 na 2022. Kila rekebisho huvunja makundi fulani, huunganisha mengine na kuyafuta mengine. Rekebisho la 2012 liliigusa sana sura ya tatu, inayohusu samaki, kutokana na mapendekezo ya Shirika la Chakula na Kilimo. Kwa Rwanda mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa kuhamia toleo jipya la programu. Anayechora mstari wa biashara ya samaki kupita mwaka huo bila jedwali la ulinganisho anaweza kudhani soko limepanda au limeanguka, kumbe ni fasili za msimbo zilizobadilika.

Kwa wanaleksikografia jambo hili si geni. Mtumiaji wa kamusi ya zamani huhitaji kujua kidahizo kilimaanisha nini wakati kamusi ilipochapishwa, si kinamaanisha nini leo. Jedwali la misimbo ni kamusi kwa kila hali: lina vidahizo, lina fasili, lina matoleo. Tofauti iliyopo ni kwamba kamusi ya kawaida huachwa rafuni pamoja na toleo lake jipya, ilhali jedwali la hifadhidata huandikwa juu ya lile la awali.

Ndugu aliyekosa mlipaji

Ili kuona uzito wa suala la wajibu, inafaa kuilinganisha ASYCUDA na bidhaa nyingine ya Umoja wa Mataifa ya kizazi hichohicho. CDS/ISIS, programu ya kutunza kumbukumbu za vitabu na nyaraka, ilikuwa na chimbuko katika mfumo wa ISIS wa Shirika la Kazi Duniani, kisha ikaendelezwa na UNESCO. Toleo lake la kompyuta ndogo, lililotokana hasa na kazi ya Giampaolo Del Bigio, lilitolewa Desemba 1985. UNESCO iliigawa bure kwa taasisi zisizo za kibiashara. Kwa maktaba na vituo vya nyaraka vya Afrika, ambavyo visingemudu programu za kununua, ilikuwa neema kubwa. Iliweza kutunza rekodi zenye urefu usiolingana na sehemu zinazojirudia, jambo ambalo hifadhidata nyingi za wakati huo hazikuliweza kwa urahisi. Kwa ubora wa kiufundi, haikuwa dhaifu kuliko ASYCUDA, na kwa kazi ya maktaba ilikuwa ya kupigiwa mfano.

Mtafiti wa lugha ana sababu yake mahususi ya kuikumbuka. Katika CDS/ISIS, faili dogo liitwalo ISISAC.TAB huorodhesha alama zinazohesabiwa kuwa herufi wakati wa kuunda faharasa. Kama ritifaa haimo katika orodha hiyo, neno ng'ombe hukatwa vipande viwili, “ng” na “ombe”, na msomaji anayelitafuta neno zima haoni kitu. Nyaraka zipo, zimeorodheshwa kwa bidii, lakini haziwezi kupatikana. Tiba yake ni kuongeza alama moja tu katika jedwali na kuunda faharasa upya. Inahitaji mtu anayejua kwamba katika Kiswahili ritifaa hiyo ni sehemu ya neno.

CDS/ISIS haikufa ghafla. Toleo la Windows lilitoka katika miaka ya 1990. Baadaye ikaja J-ISIS, na mwaka 2009 ABCD, iliyoendelezwa na kituo cha BIREME cha São Paulo pamoja na ushirika wa vyuo vikuu vya Flandria nchini Ubelgiji. Data nazo ziliweza kuokolewa, kwa kuwa programu ilitoa rekodi katika muundo wa kubadilishana wa ISO 2709, unaofahamika na mifumo mingi ya maktaba. Maktaba iliyokuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo ilihama. Isiyokuwa naye ilibaki na kompyuta kuukuu ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Tofauti kati ya ndugu hawa wawili ni kwamba katalogi ikisimama hakuna waziri wa fedha anayepigiwa simu usiku, bali forodha ikisimama hupigiwa siku hiyohiyo. ASYCUDA ilifungamanishwa na mapato, na serikali, zenyewe au kwa msaada wa wafadhili, zikawa tayari kuugharamia kila uhamaji. UNCTAD nayo ikawa na sababu ya kudumisha kikosi chake.

Kisichoandikwa

Lakini sababu iyo hiyo iliyoiokoa bidhaa ndiyo inayoweka mpaka wa kumbukumbu yake. Sehemu kubwa ya watu wanaovuka Rusizi I ni wachuuzi wadogo, wengi wao wanawake, waendao kwa miguu na mizigo ya chakula. Mizigo hiyo haizai mapato ya kuitisha tamko kamili. Utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA uliwekwa kwa ajili yao, wenye fomu fupi na orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Biashara isiyopitia hata humo hukadiriwa kwa upimaji unaofanywa mipakani, na takwimu hizo huchapishwa kando ya zile za forodha. Kwa hiyo biashara iliyo hai kuliko zote darajani hapo ndiyo yenye kumbukumbu fupi kuliko zote.

Lugha huuongeza upungufu huo. Biashara ya daraja huendeshwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda, pamoja na lugha za Kivu, ilhali maelezo rasmi ya misimbo ya Shirika la Forodha Duniani yako kwa Kiingereza na Kifaransa. Chukua mfano wa samaki wadogo wa Ziwa Kivu waliopandikizwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Bukavu na Kamembe huitwa sambaza. Bujumbura jamaa zao wa Tanganyika huitwa ndagala. Kigoma ni dagaa. Katika tamko, wote huingia kwa tarakimu, na jina alilotumia muuzaji halina kisanduku. Ofisa wa Kiingereza na mwenzake wa Kifaransa wanaweza kulifikia kundi lilelile kwa sababu jedwali limeandikwa kwa lugha zao. Anayebeba beseni hana jedwali, hivyo hana namna ya kuhakiki kama alichoandikiwa ndicho alichobeba.

Hali hii haiwezi tena kuachwa kwa kisingizio cha hadhi ya lugha. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikiingia katika jumuiya yenye ushuru wa pamoja unaojengwa juu ya misimbo hiyohiyo. Kisheria, pande zote mbili za daraja zikawa ndani ya umoja mmoja wa forodha. Kivitendo, mnamo Februari 2025 mji wa Bukavu ulitoka mikononi mwa serikali ya Kinshasa na kutwaliwa na M23, na pamoja nao ofisi za upande wa pili wa daraja. Programu haina kisanduku cha tukio kama hilo. Tamko humtaka ofisa mwenye dhamana ya dola fulani, na msimbo wa nchi ni mmoja tu, yeyote awaye anayekaa dirishani.

Kazi iliyo ndani ya uwezo wa wanaisimu ni ndogo na inajulikana. Misimbo ya sura chache zinazobeba biashara ya chakula mipakani, yaani samaki, mboga, nafaka, unga na matunda, ipewe maelezo ya Kiswahili pamoja na majina ya mahali: sambaza, ndagala na dagaa katika mstari mmoja, kila moja likiwa na mahali linapotumika na mwaka lilipoandikwa. Jedwali hilo litunzwe kama faili la maandishi ya kawaida, nje ya programu yoyote, na kila rekebisho la misimbo liongezwe chini ya lile lililotangulia bila kulifuta. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar inaweza kulishika jukumu la istilahi. Mamlaka za mapato zina misimbo. Lililo gumu ni kukubaliana fungu la kumlipa mtunzaji litatoka kwa nani, kwa kuwa rekebisho la 2022 limekwisha kupita na jingine linaandaliwa.